Swali la Kumi na Nne

Sehemu ya sita

Tuliishia Bulyaga, kwa Mwantum, kwenye kile chumba kinachonuka hiliki na vitenge vipya. Kitabu cha falaki alichoachiwa na baba yake kiko wazi mkekani. Atupokile amekwisha kutaja jina lake na jina la mama yake ili nyota yake ipigwe. Na Mwantum, badala ya kuanza hesabu, ameweka kalamu chini.

"Hii nyota nimekwisha kuipiga. Alikuja mtu nayo Ijumaa."

Atupokile alidhani mama wa watu amechanganya majina.

"Akina Atupokile tuko wengi, mama."

"Atupokile wa Tulinagwe mko wangapi?"

Mama yake alijulikana kwa jina moja tu, Veronika. Veronika kanisani, Veronika kliniki, Veronika kwenye msalaba wa kaburi. Tulinagwe lilikuwa jina la kuzaliwa, likaachwa siku alipobatizwa. Baada ya hapo lilitajwa mara moja tu, siku ya mazungumzo ya mahari, mjomba alipokuwa anaeleza ukoo. Mjomba amekufa. Amebaki nani wa kulijua? Amebaki Lutufyo, mumewe.

Akamwuliza Mwantum ni nani aliyekuja. Mwantum akatikisa kichwa. Alisema wateja wake huondoka na siri zao, na ndiyo maana hata wazee wa kanisa humjia kwa mlango wa uani.

"Ila nitakuambia alichouliza, Mama Tuntufye, maana alichouliza ni chako. Mwezi huu watu wa kiwandani kwenu wamenimaliza kwa swali moja, nitabaki au nitatoka. Huyu hakuuliza hilo. Aliuliza kama nyota yako ni ya mtu anayesamehe."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia Mizani husamehe. Lakini hupima kwanza."

Atupokile alisimama bila kuaga vizuri. Mlangoni akaona mkungu wa ndizi umeegemezwa ukutani, mpya, umefungwa kwa majani makavu kwa namna ya watu wa Kinyala. Akajua. Wiki iliyopita Lutufyo alikwenda Kinyala kumwona baba yake, akarudi na ndizi za namna hiyohiyo.

Aliyeuliza kama atasamehewa ndiye aliyekwisha kukosa. Na aliyekosa analala naye.

Anayeanza nasi leo ajue hivi. Kiwanda cha chai kilikuwa mali ya umma, kimeuzwa. Meneja mpya amesema watu wamezidi, na watakaobaki watachaguliwa kwa tabia zao, si kwa miaka waliyofanya kazi. Ameletwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana anayeitwa Hezron, tai shingoni hata jua likiwaka, pamoja na dodoso la maswali arobaini liitwalo Jitambue. Ukilijibu unapewa herufi. A ni kiongozi. B ni mchapakazi. C ni msikivu. D ni mwenye kujificha, asiyefaa kuachiwa watu.

Mji mzima ulishikwa na herufi. Vilabuni watu waliulizana herufi kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Kuna fundi seremala alivunjiwa uchumba kwa sababu ni C, na baba wa msichana alitaka walau B.

Atupokile alipata D.

Ni yule aliyesimamia chumba cha kuchachusha chai miaka kumi na mitatu. Pua yake hujua majani yameiva kabla saa ya ukutani haijasema. Orodha ya mwisho ingebandikwa getini saa kumi jioni ya siku hiyohiyo, na D wote walikuwa wa kutoka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba alianza kuiamini ile herufi. Alijitazama kwenye kioo cha kabati akajiuliza, kumbe mimi ni mtu wa kujificha? Ukurasa wa nyota wa gazeti ulimwita Simba, kwa tarehe ya kadi ya ubatizo, ambayo ni siku mchungaji alipofika kijijini kwao, si siku aliyozaliwa. Hezron anamwita D. Mwantum anamwita Mizani. Kila mtu alimjua, ila yeye mwenyewe.

Saa sita na nusu alikuwa kiwandani. Mvua ilikuwa imekatika, bati zinatoa mvuke. Alimkuta Joyce, msaidizi wake wa miaka mingi, anakula viazi nyuma ya stoo ya magunia.

Joyce alikuwa B. Na Joyce, kama Atupokile, ni mke wa mtu wa Rungwe aliyelelewa akaleleka. Mke wa namna hiyo hamtazami baba mkwe usoni. Akimwona kwa mbali anaacha njia, anaingia migombani mpaka mzee apite. Jina la mzee halitamki, na maneno yanayofanana na jina hilo anayazunguka. Mzee akikohoa uani, mke yuko jikoni na mlango umerudishwa. Wasichana wa mjini siku hizi wanalicheka jambo hili. Atupokile na Joyce hawakulicheka.

Sasa angalia dodoso. Swali la kumi na nne: Je, yupo mtu ambaye ukimwona njiani unaacha njia? La ishirini na mbili: Je, lipo jina la mtu usilothubutu kulitamka? La thelathini na moja: Je, umewahi kujificha nyumbani kwako mwenyewe mgeni alipopiga hodi?

Yote matatu Atupokile alijibu ndiyo. Angejibu nini tena?

"Joyce, la kumi na nne ulijibuje?"

"Hapana."

"Na juzi sokoni ulipomwona mkweo ukaingia kwenye kibanda cha nyama?"

Joyce alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Si tuliambiwa? Haya matatu, wake za watu jibuni hapana."

"Nani aliwaambia?"

Joyce akaweka kiazi chini. Akamtazama Atupokile kama mtu anayehofia kukanyaga kidonda.

"Shemeji Lutufyo. Alitupitia mmoja mmoja. Mimi nikamwuliza, na mke wako je? Akasema, huyo nitamwambia mwenyewe nyumbani."

Atupokile alikumbuka vizuri alichoambiwa nyumbani. Jioni ile, kabla ya dodoso, alikuwa anamenya ndizi, akamwuliza mumewe mambo haya ya karatasi yanajibiwaje. Lutufyo alishusha redio sauti, akamwambia kwa upole, "Sema ukweli, Mama Tuntufye. Karatasi ile inamjua mwongo."

Alikuwa amemwambia kwa upole. Hilo ndilo lililomchoma.

Joyce alisema twende kwa mtaalamu, atueleze. Wakaenda. Hezron alikuwa kwenye ofisi ya zamani ya katibu tawi, anakula karanga, na alipowaona alifuta mikono kwenye tai. Alimwambia Atupokile asikate tamaa. Kuwa D si dhambi. Dodoso halina jibu sahihi wala jibu la makosa.

"Kama halina makosa, mbona nafukuzwa?"

Hezron akatafuna karanga iliyobaki mdomoni.

Atupokile hakubishana. Alieleza habari za mkwe, njia, jina na mlango wa jikoni, pole pole, kama anavyomfundisha mgeni kunusa chai. Hezron alisikiliza. Mara akakunja uso, akasema hakumbuki maswali ya namna hiyo. Akavuta droo, akatoa kijitabu chenyewe cha Kiingereza, akahesabu kwa kidole.

La kumi na nne la kijitabu liliuliza kama mtu anapenda kutembea peke yake. La ishirini na mbili, kama anapenda muziki wa sauti kubwa. La thelathini na moja, kama anachelewa kuamua.

Habari ya njia haikuwemo. Ya jina haikuwemo. Ya hodi haikuwemo.

Joyce akakaa chini pasipo kukaribishwa.

"Nani aliyaandika haya ya Kiswahili?" Atupokile aliuliza, ingawa alijua.

Hezron alikiri. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutafsiri. Aliona uvivu, akamwachia karani wa utumishi, kijana mwelewa sana, anayeandika stensili za kurudufishia bila kufuta. Lutufyo.

"Basi mwambie meneja."

"Nikamwambie nini?"

"Hili ulilonionyesha."

Hezron akarudisha kijitabu kwenye droo, akaifunga, na ufunguo akautia mfukoni.

"Mama, nikimwambia hayo, ataniuliza nilikuwa wapi dodoso linatafsiriwa. Mimi nina wilaya nyingine nne mbele yangu. Siwezi."

Alisema kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, bila kuhitaji dodoso. Joyce alimwuliza yeye ni herufi gani. Hezron akasema wataalamu hawajipimi.

Ofisi ya utumishi ilikuwa mlango wa tatu. Atupokile alimwomba Joyce abaki nje.

Lutufyo alikuwa anapiga orodha kwa mashine ya kuandikia. Alipomwona mkewe mlangoni vidole vilisimama, kengele ya mashine ikiwa ndiyo kwanza imelia mwisho wa mstari. Hakukana. Hilo nalo lilimvunja Atupokile nguvu, maana alikuja tayari kupigana na uongo.

Alieleza kwa sauti ndogo, macho kwenye karatasi. Mwezi mmoja nyuma alipiga barua ya meneja mpya, ya siri. Mume na mke hawatabaki wote. Katika kila wawili atatoka mwenye herufi ya chini. Lutufyo alijijua. Angepimwa vipi asingemfikia mkewe. Akaona amtangulie.

"Ungeniambia," Atupokile alisema.

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningetoka mimi. Ningekuachia."

"Ndiyo hiyo." Sasa alimtazama. "Ungetoka kwa hiari, na mimi ningekaa na wema wako shingoni mpaka kufa. Kila ugali ninaokula, wema wako. Afadhali hivi. Afadhali uchukiwe na karatasi."

Kwa hiyo ulikuwa wivu wa mtu kwa mkewe. Miaka kumi na mitatu alimpisha baba wa mtu huyu kwa kuingia migombani, akalowa umande, akachomwa na upupu, ili huyu aitwe mume wa mwanamke mwenye adabu. Na huyu alikaa akaihesabu ile adabu moja moja, akaigeuza kuwa mtego, akautega kwenye stensili.

"Na Ijumaa," alisema, "ukaenda Bulyaga kuuliza kama nitakusamehe."

Lutufyo akakunja uso.

"Bulyaga? Ijumaa nilikuwa hapa mpaka jioni. Mwulize yeyote."

Atupokile aliona ameongeza uongo juu ya uongo. Akatoka. Nyuma yake mashine ikaanza tena, taratibu, herufi baada ya herufi.

Saa kumi kasoro tano watu walikuwa wamejaa getini. Meneja mpya alikuja na mwavuli, Hezron kando yake, na Lutufyo nyuma yao ameshika orodha na pini nne. Ikabandikwa. Hakuna aliyelia kwa sauti. Watu walisoma kwa kidole, wakatoka wakawapisha wengine.

Jina la Lutufyo lilikuwa katika wanaobaki. La Atupokile lilikuwa katika D, la sita kutoka chini.

Joyce alikuwa amechemka. Alimnong'oneza mwenzake kwamba bado kuna mtu mmoja anayeweza kulipindua jambo hili mbele ya meneja. Aje mkwe mwenyewe aseme, mimi ndiye ninayeachiwa njia, huyu hajifichi, huyu ana adabu.

"Nani atamwita?" Atupokile alisema. "Mimi nisiyetamka hata jina lake?"

Hakumaliza. Kwenye barabara inayopita katikati ya mashamba ya chai, mzee alikuwa anapanda kuelekea getini. Koti refu la zamani, mwavuli wenye ubavu mmoja uliovunjika, mwendo wa mtu aliyekuwa karani wa ushirika enzi za ushirika. Ni Mzee Isakwisa wa Kinyala, baba yake Lutufyo.

Mguu wa Atupokile uliondoka wenyewe. Mguu haukungoja ruhusa. Ulikwisha kukanyaga ukingo wa shamba, miti ya chai ikimngoja imfunike mpaka kiunoni, akainame, mzee apite, yaishe.

Kisha akasikia nyuma yake Hezron anamweleza meneja, kwa Kiingereza na kidole, angalia, ndiye huyo.

Akijificha sasa, kila mtu getini ataiona D kwa macho yake, na hakuna kijitabu kitakachoifuta. Asipojificha, miaka kumi na mitatu ya heshima inakwisha hapa, mbele ya wanawake waliomfanya mfano kwa binti zao.

Mzee amebakiza hatua ishirini. Kumi na tano.

Atupokile akautoa mguu shambani. Akasimama katikati ya barabara. Akainua macho, akamtazama mkwewe usoni. Ndipo alipoona kwamba mzee ana kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya Lutufyo.

"Isakwisa," alisema.

Wanawake getini walishika midomo. Mmoja akasema "Mwe," polepole, kama anayeona chungu kinadondoka.

"Isakwisa, waambie hawa ni nani ninayemwachia njia."

Mzee alisimama. Mwavuli ukashuka taratibu mpaka ukagusa ardhi. Kwa desturi alipaswa kugeuka akaondoka kwa hasira, na angedai ng'ombe wa kufuta aibu. Hakugeuka. Alimsogelea mkamwana wake kuliko alivyowahi kumsogelea maishani, akasema kwa sauti ya kumfikia yeye tu.

"Yule mama wa Bulyaga aliniambia Mizani hupima kwanza. Naona umepima."

Atupokile alishusha sauti kama yeye.

"Ni wewe?"

"Ndizi nilizibeba mwenyewe. Na jina la mama yako nililisikia kwa mjomba wako, siku ile ya mahari. Nilikaa mkabala naye."

Kweli alikuwepo. Kati ya wote waliokuwepo siku ile, Atupokile hakumfikiria huyu, kwa sababu kwa miaka kumi na mitatu alijizoeza kutomfikiria.

Kwa hiyo Lutufyo, katika lile moja, alikuwa amesema kweli. Basi huyu mzee alitaka msamaha wa nini?

"Ulikuja kumwombea mwanao," Atupokile alisema.

"Hapana." Mzee aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho. "Lutufyo anajua kupiga mashine. Kutunga hajui. Sikwenda kumwombea Lutufyo. Nilikwenda kujiombea mwenyewe."

Akaiweka karatasi kiganjani mwake. Sehemu ya juu ilikuwa imejikunjua kidogo, na Atupokile aliona mwandiko wa kulala, wa shule za misheni za zamani, wino wa bluu, na namba ya swali iliyopigiwa mstari. Kumi na nne.

Mzee akavuta koti lake. Kisha akafanya jambo ambalo mji wa Tukuyu haujaacha kulisimulia. Alimwachia mkamwana wake njia. Akashuka ukingoni, akaingia kwenye miti ya chai, akainama mpaka kikabaki kichwa cheupe tu kinaondoka.

Hatua zilisikika nyuma. Meneja alikuwa anakuja, Hezron akimkimbilia na mwavuli, na nyuma yao Lutufyo. Ameitambua karatasi ya baba yake kutoka pale alipo, na anamtikisia mkewe kichwa, usifanye, usifanye.

"Mama," Hezron aliuliza, na sauti haikumkaa vizuri, "hiyo karatasi ni ya nini?"

Atupokile alimtazama mumewe mpaka Lutufyo akaacha kutikisa kichwa. Kisha akaanza kuikunjua.